Siku moja maishani mwangu: tabibu wa meno, Mbeya

Saa 12:30 asubuhi. Baridi ya Julai Mbeya haina adabu. Chai ya tangawizi, viazi vya jana, bajaji mpaka Mwanjelwa.

Saa 2. Wa kwanza ni mzee kutoka Uyole, kabaki na magego mawili. "Daktari, hakuna sindano ya kuotesha mengine?" Nikamwambia, mzee wangu, tumechelewa kama miaka milioni 200. Akacheka. Nikampima meno ya bandia.

Saa 4. Bibi na mjukuu wa miaka sita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu ana safu mbili za meno, ndiyo nini?"

Kweli: meno mawili ya ukubwa yametokeza upande wa ulimi, na ya utoto mbele yake wala hayatikisiki. Huwa tunayaona sana. Jino jipya likipanda sawasawa, mzizi wa lile la utoto huyeyuka. Hapa yamepita pembeni. Ganzi, koleo, yametoka. Nikamwonyesha bibi moja: mzizi umeliwa ubavu mmoja tu, mwingine mzima. Mtoto kayafunga kwenye karatasi, akayarushe juu ya bati.

Saa 7. Wali maharage. Kijana wa fildi, mwanafunzi aliye kwetu kwa mazoezi, anauliza kwa nini binadamu tunabadilisha meno mara moja tu wakati mamba hubadilisha maisha yote. Hapo ndipo ninapopapenda, chakula kikapoa.

Ndugu wa kale wa mamalia, sainodonti, nao walibadilisha mara nyingi. Thrinaxodon wa Afrika Kusini, miaka kama milioni 250 iliyopita, alibadilisha kwa kuruka: hili linatoka, jirani linabaki, mdomo hauwi mtupu. Scalenodon, ambaye mifupa yake imetoka bonde la Ruhuhu, huko chini ya Ludewa na Songea, alikuwa msagaji wa majani. Jamaa zake waliongeza magego mapya nyuma huku ya mbele yakidondoka, karibu na wafanyavyo tembo wa Ruaha. Kisha, miaka kama milioni 200 iliyopita, anakuja Morganucodon, ndugu wa karibu zaidi wa mamalia: meno ya mbele yanaota mara mbili, magego ya nyuma kabisa mara moja, basi. Meno ya juu na ya chini yalishaanza kukutana barabara, na ukibadilisha kila mara unaharibu mkutano. Halafu maziwa: anayenyonya anaweza kusubiri meno huku taya likikua. Kwa mzee wa Uyole, naona ni biashara ya hasara.

Saa 9. Kuziba, kusafisha, kuziba.

Saa 2 usiku. Nasoma kuhusu Galulatherium, ndugu mwingine wa mamalia wa kale, aliyepewa jina mwaka 2019 kwa taya lililopatikana Galula, kule Songwe karibu na Ziwa Rukwa. Wa enzi za dinosaria, meno matano tayani, hayana enameli, lile ganda gumu la nje, yanaota maisha yote kadiri yanavyosagika. Nikamtumia kijana picha WhatsApp. Akajibu: "Huyu asingekanyaga kliniki kwetu."