Spoku za baiskeli na mota ya waipa

Jioni tatu nimepambana na mota moja ya waipa za gari, aina ya Lucas 14W ya spidi mbili. Kuifungua ni dakika chache. Kazi iko kwenye kuirudisha.

Ndani kuna kaboni tatu za kupeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, kila moja inasukumwa na springi yake kuelekea katikati. Ukitaka kuingiza amecha, yaani hiyo sehemu inayozunguka, lazima zote tatu ziwe zimerudi nyuma kwa wakati mmoja, na mikono ni miwili tu. Halafu ukivisha ganda, sumaku yake inaivuta amecha na kuichomoa tena. Kaboni zinarukia ndani, unaanza upya.

Nilitafuta kifaa cha kununua, sikupata. Nikachukua spoku kuukuu ya baiskeli, nikakata vipande vitatu na kukunja ncha ya kila kimoja kama ndoana ndogo. Nikalainisha ncha kwa tupa zisikwaruze shaba ya amecha, pale kaboni zinapogusa. Kila ndoana inashika kaboni yake. Amecha ikishakaa, unazichomoa moja moja, huku kidole gumba kikiikandamiza amecha isifuate sumaku. Ilikubali mara ya kwanza! Nilifurahi mno.

Kifaa cha pili ni kipande cha msumeno wa chuma nilichokisaga pembeni kikawa chembamba, cha kuchimbua uchafu katikati ya vipande vya shaba. Kwa kung'arisha shaba yenyewe natumia msasa laini wa kioo. Ule mweusi wa chuma siutaki kabisa humo, chembe zake zinapitisha umeme.

Ndoana zangu nimezifunga uzi mwekundu zisipotee.