Ngazi ngapi mpaka kitandani? Kutafuta hoteli Valletta kwa ajili ya Mama

Swali langu la kwanza kwa kila hoteli lilikuwa hilo hilo: kutoka barabarani mpaka kitandani, kuna ngazi ngapi? Bei niliiacha kwanza, na kifungua kinywa pia. Mama yangu ana miaka 69, goti lake la kulia limesagika, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu nihamie Ujerumani, alipata viza ya kuja kunitembelea hapa Kassel. Viza yenyewe ni ya Schengen, ile inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya kwa viza moja, na Malta imo ndani ya Schengen tangu 2007, kwa hiyo hatukuwa na karatasi nyingine ya kuhangaikia.

Mama ni mtu wa Pangani, pwani ya Tanga. Siku ya tano tangu afike aliniuliza, "Mwanangu, huku maji yao yako wapi?" Nikampeleka mtoni, Fulda. Akauangalia ule mto kwa adabu zote, akafunga vizuri shali yake, tukarudi nyumbani. Usiku huo nikafungua kompyuta na kuanza kutafuta siku nne za jua na bahari.

Valletta, mji mkuu wa Malta, nilikuwa naijua. Nilikwenda peke yangu miaka miwili iliyopita, mwezi wa pili, nikalala kwenye mojawapo ya zile hoteli ndogo za vyumba vinane au kumi wanazoziita butiki. Sitaitaja jina. Kwenye picha niliona chumba chenye dari ya mawe iliyojikunja kama upinde, taa za rangi ya asali, kitanda cheupe. Nilipofika nikateremshwa, nikateremshwa tena. Chumba kilikuwa chini ya barabara. Dirisha lake lilikuwa wavu wa chuma juu kabisa ukutani, na kilichoonekana ni viatu vya watu wanaopita. Shuka zilikuwa na ubaridi ule wa nguo iliyoanuliwa kabla haijakauka. Asubuhi nilikuta koti langu jeusi, nililolitundika karibu na ukuta, limejaa unga mweupe begani. Nikapitisha kidole ukutani, jiwe likapukutika kama mkate mkavu. Nilipolalamika nikaambiwa nyumba za kale ndivyo zilivyo.

Si kweli kwamba zote ndivyo zilivyo, na hilo ndilo limenifanya niandike. Valletta imejengwa kwa jiwe la chokaa la Malta yenyewe, la manjano, laini, rahisi kuchongwa, na linalonyonya maji. Likipata jua na upepo linakauka. Likiwa chini ya ardhi, kwenye chumba kisicho na dirisha la maana, unyevu unapanda ukutani kutoka ardhini, unaleta chumvi, na chumvi ndiyo inayolibomoa jiwe taratibu. Isitoshe, mji ulipoanza kujengwa kila nyumba iliagizwa iwe na kisima chake cha kukusanya maji ya mvua. Kwa hiyo unapolala chini kabisa kwenye nyumba ya Valletta, umelala jirani na maji. Dari zile za upinde zinapendeza sana kwenye picha, lakini nyingi zilikuwa stoo na maghala. Mtu mwenye pumu, au mtu ambaye mifupa inamuuma kukiwa na baridi, asilale humo majira ya mvua hata akipewa nusu bei.

Basi safari hii nikaanza na ramani. Mji umekaa juu ya kilima kilichochomoza baharini kama ulimi, bandari huku na bandari kule. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1566, mwaka mmoja tu baada ya mashujaa wa Mtakatifu Yohane, wale watawa wa kivita wa Kikristo waliotawala Malta, kuhimili mazingiwa makubwa ya Waturuki, na mhandisi wao, Francesco Laparelli, alipiga mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari. Kilima hakikusawazishwa. Kwa hiyo mitaa mirefu inayofuata mgongo wa kilima, kama Triq ir-Repubblika na Triq il-Merkanti, upande wa lango la mji ni tambarare, na ile inayoikata inaporomoka kwenda baharini pande zote mbili. Mingine imeporomoka mpaka ikawa ngazi tupu, barabara nzima. Hoteli inaweza kuandika kwamba iko mita mia mbili kutoka katikati ya mji na isiwe imesema uongo, ila mita hizo ziko wima.

Nafanya kazi wodi ya mifupa. Kila siku nawafundisha watu waliobadilishwa goti namna ya kupanda ngazi: kupanda, tangulia na mguu mzima, kushuka, tangulia na mguu unaouma. Nikichoka huwa nausema huo wimbo mpaka usingizini. Kwa hiyo nilipoziangalia zile picha za hoteli, vigae vya maua, bafu la shaba, vitabu vilivyopangwa kwa rangi, jicho langu lilikwenda pembeni kutafuta kishikio cha ngazi. Nyumba za Valletta ni nyembamba na ndefu kwenda juu. Hoteli ya vyumba vinane mara nyingi maana yake ni ghorofa nne au tano, chumba kimoja au viwili kila ghorofa, na katikati ngazi ya mawe inayozunguka kama konokono, ambayo vipandio vyake vimelika na vina umri wa karne kadhaa.

Niliandikia hoteli sita. Mbili hazikujibu. Moja ilijibu kwa picha nzuri ya machweo kutoka paa lao na haikugusa swali la ngazi, nikaifuta. Ya nne ilisema, "Tuna lifti," nami nikauliza lifti inaanzia wapi. Ulizeni hivyo hivyo, ndugu zangu. Ilikuwa inaanzia ghorofa ya kwanza, baada ya vipandio kumi na vinne, kwa sababu kule chini ukuta wa zamani hauruhusiwi kukatwa. Ya tano ilikuwa na kila kitu, ila ilikuwa juu ya Triq id-Dejqa, ule mtaa mwembamba uliojaa mabaa tangu enzi za mabaharia wa Kiingereza, na wageni wake wengi walikuwa wameandika kwamba muziki unaendelea mpaka usiku wa manane. Mama huamka kabla ya alfajiri.

Ya sita jibu lao nimelihifadhi. Mwanamke wa mapokezi aliandika kwamba mlangoni kuna vipandio viwili, hakuna kishikio lakini fremu ya mlango inashikika. Lifti inaanzia chini, inachukua watu wawili wembamba au mmoja na sanduku. Chumba anachotushauri kiko ghorofa ya tatu, kina dirisha kubwa upande wa mtaani, na bafu lake halina kizingiti. Akaongeza jambo ambalo sikuliuliza: teksi haiwezi kufika mlangoni saa zote, kwa sababu sehemu ya mtaa ni ya waenda kwa miguu, kwa hiyo tukifika tumpigie, kijana atakuja kuchukua mizigo. Euro 145 kwa usiku. Kulikuwa na chumba cha euro 95 kwingineko, chenye mandhari mazuri kuliko yote niliyoyaona. Nililipa 145 bila kusitasita.

Bado nilikuwa na maswali mawili, nikaona haya kidogo kuyauliza, kisha nikauliza. Je, chooni kuna maji? Kuna bideti, akajibu, na ile ya bomba la kunyunyizia. Je, asubuhi kuna chakula kisicho na nguruwe? Mayai, mkate wa Malta, nyanya, zeituni, na jibini ndogo za mbuzi na kondoo wanazoziita ġbejna. Nyama ya nguruwe itawekwa sahani yake mbali. Wenzangu wengi tunaogopa kuuliza haya, tunafika, tunateseka kimya kimya na chupa ya maji ya plastiki. Mwanamke yule alijibu kama mtu aliyeulizwa saa ngapi.

Tukafika jioni, mwezi wa kumi, joto la kutosha kwa dera na mtandio tu. Ndani ya teksi Mama aligundua kabla yangu kwamba gari linakwenda upande wa kushoto. "Kama kwetu," akasema, akatulia kitini. Waingereza walitawala pale mpaka 1964. Hotelini akagundua jingine: chaja yake ya simu ya Tanga, ile ya pini tatu, iliyokuwa inamsumbua kwangu Kassel mpaka nimtafutie adapta, iliingia ukutani moja kwa moja.

Kijana wa mizigo alimfungulia mlango akasema, "Merħba!" Mama akanigeukia. "Ameitikia shikamoo ya nani?" Nikamweleza kwamba ni karibu kwa Kimalta, na kwamba Kimalta kimezaliwa na Kiarabu. Hapo nikawa nimempa kazi ya siku nne. Alisoma vibao vyote. Triq, akasema, ni tariki, njia. Namba alizihesabu pamoja na yule kijana, sitta, sebgħa, na alipofika disgħa akampiga begani kwa furaha kama mjukuu wake. Alhamisi kwao ni il-Ħamis, Ijumaa ni il-Ġimgħa. Nilipomwambia kwamba Triq id-Dejqa maana yake ni mtaa mwembamba, alifikiri kidogo akasema, "Dejqa. Dhiki. Ukibanwa si ndiyo dhiki yenyewe?"

Lakini kitu kilichoilipa ile hoteli ni roshani. Valletta nzima imening'iniza roshani za mbao zilizofungwa kwa vioo, gallarija wanaziita, za kijani, nyekundu, buluu, zimechomoza ukutani kama makabati. Yetu ilikuwa ya kijani kibichi, rangi imepasuka kwenye kona ya chini ikaonyesha rangi nyingine ya zamani, kahawia. Upana wake mtu na kiti. Kioo cha mbele kilitazama roshani ya jirani, na kile cha pembeni kilitazama mtaa wote ukiteremka mpaka kwenye kipande cha maji ya Bandari Kuu, kipande kidogo kama leso. Mshale wa kibla kwenye simu ulielekea upande huohuo wa bandari. Mama akasogeza kiti, akakitazama kile kipande cha maji, akaniambia niende zangu nikatembee, yeye yupo.

Sikwenda. Nilikaa kitandani nikimtazama mgongo. Ng'ambo ya mtaa mwanamke wa makamo alifungua dirisha lake, akateremsha kikapu kwa kamba, mtu wa chini akaweka mkate, kikapu kikapanda. Mama alipunga mkono. Yule akapunga. Kesho yake walipungiana tena, na siku ya tatu yule jirani alinyanyua mkate wake kumwonyesha.

Mambo mengine nayapitia haraka. Bustani ya Barrakka ya Juu mnaifika kwa tambarare, na mizinga hulia pale saa sita mchana na saa kumi jioni. Mkae mbali kidogo kama moyo hauna nguvu. Kutoka bustanini kuna lifti ya mita 58 inayowashusha mpaka bandarini, hivyo hamna haja ya zile ngazi, na kivuko cha kwenda Bormla, mji wa ng'ambo ya bandari, kiko karibu. Msikiti uko Paola, ng'ambo ya bandari. Kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Yohane kuna mchoro mkubwa wa Caravaggio, mchoraji wa Kiitaliano, wa mwaka 1608, lakini tulikaa dakika chache tu, kwa sababu sakafu yote ni mawe ya makaburi ya wale mashujaa, ya marumaru ya rangi, na Mama alisimama palepale mlangoni. "Mwanangu, tunakanyaga watu." Nikamshika mkono, tukapita pembeni, tukatoka.

Kasoro za hoteli zilikuwepo. Kiyoyozi kilikuwa na mlio, na lifti ilikwama mara moja kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, kwa dakika mbili, nikiwa peke yangu, nashukuru. Ile kodi ndogo ya mazingira wanayotoza watalii kila usiku haikuwa ndani ya bei niliyolipa, tukaimalizia mapokezini kwa fedha taslimu. Kengele za kanisa la jirani hulia kabla hujaziomba. Mama hakujali kengele. Alikuwa ameshaamka, ameshaswali, yuko roshanini.

Siku ya kuondoka yule mwanamke aliyenijibu barua pepe alikuwa zamu. Alitusindikiza mpaka mlangoni akasema, "Saħħa," ambayo ni kwaheri yao, na ni afya pia. "Siha," Mama akamrudishia, "na wewe siha." Kisha akashika fremu ya mlango, akatanguliza mguu wa kulia, ule unaouma, kama nilivyomfundisha. Kipandio cha kwanza. Cha pili. Vilikuwa viwili, kama alivyoandika.