Jioni ya kumgombania Abunuwasi

Mwaka 2006 nilikuwa na miaka 21, nimemaliza kidato cha sita kwa matokeo ya kusukumasukuma, na kazi yangu ilikuwa upapasi. Asiyeujua Mji Mkongwe nimweleze: papasi ni yule kijana anayekuganda pale bandarini boti ya Dar inapofunga gati, akikwambia hoteli anaijua, mashamba ya viungo anayajua, na bei ni ya kindugu. Jina ni la mdudu anyonyaye damu. Sikulipenda, ila nilikula kwalo.

Aliyenilisha zaidi kuliko viungo alikuwa mtu aliyekwisha kufa. Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, alizaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Jina lake la utotoni ni Farrokh Bulsara, wazazi wake Maparsi, baba yake keshia wa Mahakama Kuu wakati wa Mwingereza. Akapelekwa skuli ya bweni Panchgani, Bara Hindi, akiwa bado mtoto mdogo. Baadaye akarudi Unguja, Mapinduzi ya 1964 yakamkuta, familia ikahamia Uingereza. Hayo nilikuwa nikiyamwaga bila ya kupumua mbele ya nyumba moja ya Shangani yenye picha zake. Mgeni akishapiga picha, nampeleka kwenye nyumba nyingine mbili ambazo nazo alizaliwa humo. Kila mzee wa mtaa alikuwa na nyumba yake ya Mercury, na mie sikuona sababu ya kugombana na mzee hata mmoja.

Mwaka ule angelitimiza miaka 60. Mkahawa mmoja wa pwani ukapanga sherehe, nami nikaahidiwa kazi ya kupokea wageni mlangoni. Taasisi moja ya dini ikapinga: mtu aliyejulikana kupenda wanaume wenzake na aliyekufa kwa UKIMWI asisherehekewe Zanzibar, tena miaka miwili tu tangu Baraza la Wawakilishi lipitishe sheria ya mambo hayo, 2004. Sherehe ikavunjwa. Mie nikabaki na shati jeupe nililolikopa Darajani, bado lina pini za dukani.

Nalileta hili la shati mapema ili msinifanye shujaa. Jioni ile nilipombishania Mercury barazani kwetu Mkunazini, sehemu kubwa ya hasira yangu ilikuwa deni.

Ilikuwa baada ya sala ya Isha, Shaaban imeshaingia. Muuza kahawa alikuwa amekaa na dele lake juu ya makaa, vikombe vinaelea kwenye ndoo ya maji. Watu wanne wanachapa dhumna. Ami yangu, karani mstaafu, alikuwa na gazeti la juzi. Mpiga fidla wa taarabu alikuwepo, na kinyozi wa pembeni, ambaye ndiye redio ya mtaa: habari akizisoma yeye huhitaji kuuliza kwengine. Watoto walimpenda kwa hadithi za Abunuwasi. Ile ya sufuria ya kuazima iliyozaa, mwenyewe akampokea mtoto kwa furaha, kisha alipoambiwa sufuria imekufa akakataa kuamini, alikuwa akiitia na sauti ya sufuria yenyewe ikilia uchungu. Ndani kidogo, mguu juu ya mguu, alikuwa amekaa Maalim, aliyesoma Cairo zamani za Nasser, akafundisha Kiarabu miaka mingi na sasa haongei ila akiulizwa.

Kinyozi ndiye aliyeanza. "Afadhali wameivunja. Yule si wetu."

"Kazaliwa hapa," nikasema.

"Na punda kazaliwa Forodhani. Tumpe uwakilishi?"

Wakacheka. Nikasema katika ule wimbo wake mkubwa wa 1975 mna neno "Bismillah", analiimba waziwazi, dunia nzima inalitamka bila ya kujua. Mpiga fidla akauliza, "Bismillah ya kuanzia pilau au ya kuchinjia?" Wakacheka tena, na nikahisi masikio yanachemka.

Halafu akageuka upande wangu, huyo huyo mpiga fidla. Kwani nani kathibitisha? Alikuwa amesikia kuwa marehemu alikuwa na mwanamke, Mary Austin, tena ndiye aliyemwachia nyumba yake ya London katika wasia. Nikajibu kuwa ni kweli, na miaka yake ya mwisho aliishi na mwanamume, Jim Hutton.

"Ulikuwepo?" akauliza mmoja, hakuinua macho kwenye dhumna.

Neno hilo lingenitosha. Ila nilikuwa na umri wa mtu aliyesoma vitabu vitatu na anataka vyote vitatu vionekane. Mgeni mmoja wa Kidachi alikuwa ameniachia buku nene la maisha ya wasanii na wakubwa wa dunia, na nilikuwa nimelisoma usiku kwa usiku. Nikaanza kuwamwagia. Oscar Wilde, mwandishi, alihukumiwa London mwaka 1895 miaka miwili na kazi ngumu. Alan Turing, aliyesaidia kuzivunja siri za Wajerumani vitani, alitiwa hatiani 1952. Leonardo da Vinci alishitakiwa Florence mwaka 1476 kwa karatasi isiyo jina la aliyeiandika, na kesi ikafutwa. Iskandar wa Makedonia alipofiwa na rafiki yake Hephaestion alifanya maombolezo ambayo watu wanayabishania mpaka leo.

Nilivyoyapanga yote mstari mmoja, mtu angedhani ni mambo ya sampuli moja. Wilde na Turing wana hukumu ya mahakama. Leonardo ana barua ya mtu mwoga. Iskandar ana kilio tu, na nani hajapata kumlilia rafiki? Ami, aliyekaa mahakamani miaka kuliko mahakimu wenyewe, aliliona tundu hilo pale pale. "Unachanganya hukumu na fununu, mwanangu. Kila moja na jalada lake."

"Na Shakespeare," nikaongeza, maana nilishateleza. Alioa, alizaa watoto watatu, lakini katika soneti zake 154 zilizochapwa 1609, 126 za mwanzo kwa kawaida husemwa zinamhusu kijana mwanamume. Na yule Antonio wa *Mabepari wa Venisi*, anayeanza mchezo ana huzuni asiyoijua sababu, kisha anaweka rehani ratili ya nyama yake kwa ajili ya Bassanio?

Ami akakunja gazeti. Kitabu kile alikipenda. Tafsiri ya 1969 alikuwa nayo kabatini, imefungwa kwa karatasi ya kaki. "Sasa unataka kuniambia Mwalimu Nyerere alikaa akatafsiri mambo hayo?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Nililokuwa nalo ni jambo moja katika buku la Mdachi ambalo nililipenda kuliko yote, na nililitoa la mwisho. Michelangelo, mchongaji, aliandika mashairi ya mapenzi kwa kijana wa Kirumi, Tommaso de' Cavalieri. Mwaka 1623, Michelangelo kaburini miaka karibu sitini, mjukuu wa ndugu yake akayachapa. Alipofika penye maneno ya kiume akayafanya ya kike, heshima ya ukoo ikasalimika. Ikachukua zaidi ya miaka 200 watu kuyasoma kama yalivyoandikwa.

Hapo mpiga fidla aliweka kikombe chini. Nakumbuka alivyokiweka, kwa vidole viwili, kama anayeogopa kukiamsha. "Huyo mjukuu angekuwa Mswahili angekosa kazi," akasema. "Sisi yeye ni yeye. Miaka thelathini nimekaa nyuma ya waimbaji, muhibu huyu, mpenzi yule, kanikondesha, kanihama. Sijui hata mmoja alikuwa nani. Mwanamume anaimba wimbo uliotungwa na mwanamke, mwanamke anaimba wa mwanamume, na kule mbele mtu anainuka kutunza, ana wake anayemkusudia. Na hatuulizi."

"Kwa sababu tunajua," kinyozi akasema.

"Tunajua nini?"

Kinyozi akatafuta, akakosa, akarudi kwa Mercury. Nchi hii ina sifa yake. Watu wa namna ile hawakuwepo zamani, wameletwa na boti pamoja na hawa wageni wa papasi. Akanionesha kwa kidole.

Maalim akasafisha koo. Alikuwa hajaulizwa, kwa hiyo baraza zima likanyamaza, hata dhumna. Akasoma ubeti mmoja wa Kiarabu, polepole, kwa mahadhi yale ya zamani: *Ya Rabbi in adhumat dhunubii kathratan, falaqad alimtu bi-anna afwaka a'adhamu.* Kisha akaufasiri. Mola wangu, ikiwa dhambi zangu zimekuwa kubwa kwa wingi wake, basi nimeshajua kuwa msamaha wako ni mkubwa zaidi.

"Allah!" kinyozi akasema, mkono kifuani. "Huu nimeusikia. Wa nani, Maalim?"

"Wa Abunuwasi."

"Huyu wetu?"

"Wa Baghdad. Zama za Harun Rashid na mwanawe Amin. Mama yake Mfursi. Mshairi mkubwa, katika wakubwa kabisa. Huo husemwa ni katika mashairi yake ya toba." Akanywa funda. "Anayo na ya kabla ya toba. Ya mvinyo. Na ya kuwapenda vijana wanaume."

Nimeshahudhuria misiba yenye kelele kuliko kimya kile.

"Wamemsingizia," kinyozi akasema.

"Diwani yake ninayo ndani."

"Basi yameongezwa. Mtu ana maadui, Maalim. Si mwenyewe husema Waarabu wakimtaja mwanamke hulitumia neno la kiume kwa kumsitiri? Umm Kulthum anamwita nani habibi?"

Maalim akakiri kuwa hoja ni nzuri, tena ya kisomi, na kwamba mashairi mengi ya Kiarabu yanataka mtu ayasome kwa hadhari hiyo hasa. "Lakini yake mengine hayasitiriki kwa nahau," akasema. "Mwenyewe hakutaka yasitirike."

Hapo ndipo jioni ilipogeuka, na mie nilikuwa nimeshasahaulika pembeni na shati langu. Watu wale wale waliomhukumu Mparsi wa Shangani kwa habari za gazeti wakawa mawakili wa mtu aliyekufa karibu miaka 1,200. Mmoja akasema ushairi si ushahidi, mshairi husema asiyoyatenda, na Kurani imesema hivyo. Mwengine akasema hata kama ni kweli, alitubia, na aliyetubia hasemwi. Kinyozi akataka wanaosema wamemwona watajwe, mmoja mmoja.

"Wanne," ami akasema taratibu.

"Nini?"

"Mashahidi. Ndio sheria. Ila dakika kumi hizi nyuma hukutaka hata mmoja."

"Yule ni mwengine!"

"Yule sufuria lake lilipozaa mlilipokea kwa mikono miwili," Maalim akasema. "Picha ukutani, wageni, pesa ya kijana huyu, pesa yako wewe unayewanyoa. Sasa mnaambiwa…"

Hakumaliza. Hakuhitaji, mbele ya mtu aliyeisimulia hadithi ile mara mia na sauti zake. Muuza kahawa ndiye aliyecheka wa mwanzo, kicheko cha puani, akajifanya anapuliza makaa. Kinyozi akainuka, akalipa kahawa yake, akalipa na ya Maalim, akaondoka bila ya kuaga. Nikadhani kaghadhibika. Ami akasema kaenda kulala.

Sikuwa nimeshinda mimi. Hilo nililielewa njiani, ami akinitangulia na tochi kwenye uchochoro. Aliniuliza yale mambo ya Michelangelo kama yana ukweli, nikamwambia yana. Akaniuliza kama huwa nawaambia wageni wangu kuwa Mercury alikuwa hivi au vile. Nikasema huwaambia wanachotaka kusikia. Waingereza nawaambia ndiyo, familia za Kibara nawaambia alikuwa na mchumba. "Basi na wewe ni yule mjukuu," akasema, akafungua mlango.

Siku ya Ijumaa asubuhi nilikwenda kunyolewa. Kinyozi alinifunga shuka shingoni kama kawaida, akaanza upande wa kushoto, hasemi. Redio imezimwa, jambo lisilo la kawaida. Alipofika nyuma ya sikio akasimamisha wembe.

"Zile hadithi lakini," akasema kwa sauti ya chini. "Ya sufuria. Ya punda. Zile si zake mwenyewe?"

Nilikuwa nimeshamuuliza Maalim, na ningetamani nisingemuuliza. "Maalim anasema hata hizo ni za watu. Ya sufuria Waarabu wanayo ya Juha, Waturuki wanayo ya Nasreddin. Huku ndiko alikopachikwa yeye."

Wembe bado uko shingoni kwangu.

"Kwa hiyo hadithi si zake."

"Si zake."

"Basi mtu mwenyewe kabakiwa na nini?"

"Mashairi."

Akafikiri. Nje mtu alipita na mkokoteni wa barafu ya samaki, maji yanachuruzika njia nzima. Kinyozi akaufuta wembe kwenye taulo, akanigeuza kichwa upande wa pili.

"Ule wa msamaha," akasema, "nisomee tena. Taratibu, niushike."