Sevo inayocheza si lazima iwe nzima

Ndege yako ya rimoti imeanguka, umeokota vipande, umewasha rimoti, sevo zote (vile vimota vya gia vinavyosogeza sehemu za kuongozea ndege) zinacheza. Usizirudishe angani bado. Sevo yenye jino moja lililokatika hucheza vizuri tu mezani. Itakuangusha hewani, upepo ukisukuma eleroni, kile kipande cha nyuma ya bawa kinachoinamisha ndege, na gia kuteleza kwenye lile pengo.

Nazungumzia zile ndogo za gramu 9 zenye gia za plastiki, ndizo zilizojaa Kariakoo na ndizo zinazokufa zaidi.

Anza bila umeme. Chomoa betri, ondoa kile kiwaya cha chuma kinachosukuma eleroni, kisha zungusha mkono wa sevo, kile kipande chenye matundu kilicho juu yake, kwa vidole, taratibu, toka mwisho hadi mwisho. Ukiuharakisha utavunja hata meno mazima. Sevo nzima hukaza sawasawa njia yote. Ukisikia “tk”, ukafuata ulegevu kidogo, halafu ikakaza tena, hapo pana jino limeondoka. Mkono ukizunguka tu bila kukaza, usiilaumu gia kwanza: vua mkono uangalie tundu lake, mara nyingi vimeno vya ndani ndivyo vimelika. Mikono ya akiba huja ndani ya mfuko wa sevo, ule ambao wengi hutupa.

Sasa umeme, volti 4.8 hadi 6, na propela iwe imetolewa. Waya wa kahawia ni hasi, mwekundu chanya, wa machungwa ishara. Weka sevo katikati, piga alama ya kalamu penye ncha ya mkono. Ipeleke kushoto kabisa, irudishe. Kisha kulia, irudishe. Ikisimama sehemu mbili tofauti, gia zimelegea au potenshomita ya ndani, inayoiambia sevo mkono uko wapi, imechakaa. Potenshomita huchakaa katikati kwanza, maana sevo hushinda hapo karibu safari nzima. Ndiyo maana inatetemeka katikati na kutulia ukiisogeza pembeni. Ikitetemeka kila mahali, kagua plagi kabla ya kuihukumu: kwa hewa yetu ya chumvi pini hushika ukijani. Jaribu pia kuichomeka kwenye chaneli nyingine ya risiva, kile kipokezi cha mawimbi ya rimoti.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni chupa ya maji ya nusu lita. Bana sevo ukingoni mwa meza, ning'iniza chupa kwenye tundu lililo sentimita 1 toka katikati ya mhimili, kisha ipandishe na kuishusha mara kumi. Mzigo huo ni nusu kilo kwa sentimita, na sevo hizi huuzwa kama zenye zaidi ya mara tatu ya hapo, kwa hiyo haina kisingizio. Jino bovu litaiachia chupa ghafla. Gusa na kasha: likiwa la moto wakati haibebi kitu, mota au gia zinakwama.

Ndege ikiangukia mchanga wa Kigamboni, fungua skrubu nne za chini ya sevo, piga picha mpangilio wa gia kabla hujazigusa, safisha kwa mswaki mkavu, rudishia grisi nyeupe kidogo sana. Iliyozama baharini usiihangaikie.

Iliyofeli ikate plagi siku hiyo hiyo, isije ikarudi kwenye droo pamoja na nzima. Plagi yenyewe tunza, utaungia waya mrefu wa bawa.