Siku moja ya mkaguzi wa majengo Mji Mkongwe

Saa 1 asubuhi nakunywa chai na boflo Darajani, kisha naingia mitaani kwa miguu, maana vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar havipiti gari. Mkobani nina tepu, timazi (uzi wenye kitu kizito mwishoni, wa kupimia kama ukuta umesimama wima), tochi na daftari. Wapo wanaotuita wavunja nyumba za watu. Jina hilo linaniuma, kwa sababu kazi yangu ni kuhakikisha nyumba hizi hazianguki.

Saa 2 hadi saa 4 nakagua mitaa ya humu humu: mlango Malindi, dirisha Shangani, saini, mhuri, basi.

Saa 4 na nusu nafika Kiponda kwa bi mkubwa mmoja aliyeleta malalamiko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, pita ujionee mwenyewe."

Juu ya kitanda chake ukuta umepasuka. Kidole kinaingia mpaka kiungo cha pili. Chokaa inamdondokea usiku, na mkeka wa sala ameuhamishia ukumbini. Ukuta huo wanachangia na jirani, na jirani anapandisha ghorofa.

Nikapanda kwa jirani. Juu ya paa nguzo za zege zimeshasimama, nondo zimechomoza, na mifuko ya saruji imerundikwa katikati ya dari inayobebwa na boriti za mikoko. Kibali hakuna. Mwenye nyumba akaja, simu sikioni, na hapo asubuhi yangu ikaishia.

"Watoto wangu wanaoa, niwaweke wapi? Kule Michenzani yamejengwa maghorofa marefu, mimi mnanibana na kighorofa kimoja!"

Swali la watoto ni la haki. Familia nyingi zimehamia Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, kwa sababu nyumba za huku hazitanuki, na nyingine zimegeuka hoteli. Lakini Michenzani ni zege toka chini. Huku hakuna nguzo: ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ndio unaobeba kila kitu, na vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti haifiki mbali. Ukiongeza uzito juu, unakwenda kwa jirani. Nikamweleza, akapiga simu kwa mkubwa fulani. Nikamweleza tena, akampigia shemeji yake. Jua la utosi, koo limekauka, na mafundi wake wamekaa kivulini wanatusikiliza. Baadaye ndipo aliposema kuwa sehemu ya juu itakuwa mgahawa wa watalii.

Nikateremsha timazi kutoka ukingo wa paa mpaka kichochoroni. Juu uzi uligusa ukuta. Chini kiganja changu kizima kilipita kati ya uzi na ukuta: ukuta umeinamia nje. Nikamwita ashuke aone. Akatazama kwa muda, hakusema kitu. Nikamkumbusha Beit al-Ajaib, jumba lililosimama tangu 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafa. Kazi ikasimamishwa, mifuko ya saruji ikaanza kushushwa mbele yangu.

Adhuhuri ilinipita kule kule. Nikasali nimechelewa na chakula sikukiona mpaka alasiri. Miguu ilikuwa imekufa kwa ngazi.

Tangu UNESCO iuingize mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, wengi wanadhani tunazuia urefu ili watalii wapige picha. Sura ya mji nami naipenda, na upepo wa kusi ukizibwa na ghorofa la jirani nyumba ya nyuma inakuwa tanuri. Lakini nikishika timazi ninayemfikiria ni yule anayelala chini ya ukuta.

Jioni naandika ripoti, simu inaita, ni shemeji mtu anaomba nimfikirie. Nimemjibu kwamba nguzo zitaondolewa. Bibi analala kwa binti yake, na kesho asubuhi narudi na fundi wa chokaa tuuegemeze ule ukuta kwa miti kabla masika haijaanza.