Breki ya Bei Nafuu kwa Gurudumu la Inchi 36

Baiskeli yangu ya gurudumu moja haina friwili, kwa hivyo gurudumu likizunguka pedali nazo huzunguka, na anayeteremka kilima cha Riat kuelekea Mamboleo, hapa Kisumu, huuzuia uzito wote kwa magoti yake. Nilipochoka kukanda magoti kila jioni, nilinunua sokoni Kibuye breki kuukuu ya rimu iliyotolewa kwenye baiskeli ya kawaida, na fundi wa kuchomelea akaniwekea vishikizo viwili kwenye foku, yaani uma wa chuma unaolishika gurudumu. Kuchomelea kulikuwa rahisi; kupima ndiko kulikotusumbua, kwa kuwa tulilazimika kulifunga gurudumu kwanza, tukatia alama za chaki mahali ambapo raba zingeibana rimu bila kuligusa tairi, kisha tukalitoa ili moto usiliunguze.

Mkono wa breki niliufunga chini ya ncha ya mbele ya kiti. Siku ya kwanza niliubana kwa nguvu: gurudumu likasimama, mimi nikaendelea, ingawa nashukuru nilitua kwa miguu. Sasa nimeulegeza waya kidogo, nami hubana kwa kidole kimoja tu, raba zikikwaruza taratibu, huku miguu ikimalizia kazi ya kusimamisha.