Kiti cha bluu

Kila Ijumaa, jua likianza kupoa, mama mwenye nyumba wangu hutoka na kiti cha plastiki cha bluu, akakiweka nje ya geti, katikati kabisa, kikiielekea njia. Halafu anarudi ndani kupika. Hakikaliwi na mtu. Kiko kazini mpaka Jumapili usiku.

Wageni wangu kutoka Dar huwa wananiuliza kama kiti kimewekewa mizimu. Hapana. Tunakaa Remera, Kigali, kichochoro cha nyuma ya Gisimenti. Kiti kile ndicho kinachotuwezesha kutoka nyumbani kwetu wikendi.

Kwa wasioifahamu Kigali: Gisimenti (sikio la Mswahili husikia saruji, nami nimeshindwa kuacha kuisikia hivyo) ni kipande cha barabara kisicho kirefu, kimejaa baa, majiko ya nyama, maduka ya simu na watu. Uwanja wa Amahoro na BK Arena haviko mbali, kwa hiyo mechi ikiisha, umati wote unajua pa kumalizia usiku. Tangu mwanzoni mwa 2022 jiji linaifungia magari mwisho wa juma. Ijumaa jioni vizuizi vinawekwa huku na huku, meza zinashuka kutoka vibarazani mpaka kwenye lami, na kuanzia hapo anayetaka kupita anapita kwa miguu.

Wakati ule nilikuwa mgeni bado. Baa za hapa zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikaanza kufunguliwa kidogo kidogo Septemba 2021. Mwaka mmoja na nusu bila kaunta! Watu walikuwa wakiogopa kukaa ndani, na wenye biashara wakitafuta kila kona ya hewa ya kuwekea meza. Barabara ilikuwa palepale, pana, ina hewa, na imekaliwa na magari tu.

Sasa mnielewe mimi ni mtu wa namna gani. Kazi yangu ni magari. Ni wakala wa forodha, siku nzima nafuatilia malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kuja huku, zaidi ya kilomita 1,400, na simu yangu hailali: huyu kakwama Rusumo mpakani na karatasi moja imekosewa tarakimu, yule tairi limepasuka Kahama. Ukivuka daraja la Rusumo unahama mkono, kushoto kwetu, kulia kwao. Madereva wanazoea baada ya mara mbili tatu. Mimi mtembea kwa miguu sijazoea mpaka leo. Nikitaka kuvuka barabara hapa Kigali shingo yangu inageukia upande wa Dar kwanza, gari linakuja upande wa pili. Nimekwishapigiwa honi na kutukanwa, kwa upole maana hapa hata matusi ni ya upole, mara zisizohesabika.

Ndiyo maana Ijumaa ile ya kwanza nilipoingia Gisimenti nilichukua muda kuelewa kilichokuwa kimenitokea. Nilikuwa nimevuka barabara bila kugeuza shingo popote. Nikarudi, nikavuka tena. Kijana wa jikoni akanitazama, nadhani akajua nimeshakunywa.

Nilikuwa bado. Nilikaa mezani kwake nikaagiza mishikaki, ambayo hapa wanaiita burusheti, na ndizi ya kuchoma. Meza ya jirani waliagiza akabenzi. Hii lazima niieleze: akabenzi ni nyama ya nguruwe, kitimoto chetu, na jina maana yake ni kabenzi kadogo. Kwa hiyo usiku huo benzi ndilo gari pekee lililoruhusiwa kuingia Gisimenti, na lilikuja na pilipili pembeni.

Barabara isiyo na magari ina sauti yake. Saa moja jioni unasikia vitu ambavyo siku nyingine vimefunikwa: visu kwenye ubao, kisigino cha mtu, mtoto anayeomba kubebwa. Nilidhani usiku mzima utakuwa hivyo. Ilipofika saa tatu kila baa ikageuza spika zake nje, tano zikipigana, nami nikajua kwamba honi zilikuwa zikitusaidia kidogo kwa kuwapunguzia wenye muziki uroho. Tangu Septemba 2023 kuna saa za kufunga, saa saba usiku siku za kazi na saa nane Ijumaa na Jumamosi, na nisiwe mnafiki, siku ile tangazo lilipotoka nililala kama mtoto mchanga. Ila ile Ijumaa ya mwisho kabla ya umuganda, usafi wa pamoja wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, bado inanichekesha: saa nane usiku watu wanatoka hapa wakiyumba, saa mbili asubuhi haohao wako mtaani na majembe na mafagio, macho mekundu, wakisafisha mitaro kimyakimya.

Basi kiti.

Barabara ikifungwa, watu hawaachi magari nyumbani. Wanayaleta mpaka mwisho wa barabara, kisha wanaingia vichochoroni kutafuta pa kuyaweka. Kichochoro chetu kina upana wa gari moja na mbuzi. Mama mwenye nyumba alikulia Bukavu, Kongo, akarudi Rwanda akiwa mtu mzima, na Kiswahili chake ni kile cha huko. Ijumaa moja alisimama getini, mikono kiunoni, akihesabu taa zinazoingia, akanigeukia:

"Banakuya na motokari juu ya kuya kutembea na miguu!"

Sijasoma maelezo ya mipango miji yaliyolisema jambo hili vizuri kuliko hapo.

Kuna na jingine. Polisi wa hapa wanapima pumzi, na ukikutwa umezidisha ni siku tano ndani na faini. Ni sheria nzuri, imewatia watu adabu. Lakini matokeo yake kichochoroni kwetu ni kwamba mtu aliyekuja kwa "bia moja tu" ikifika ya nne anakumbuka zile siku tano, anapanda pikipiki ya motari, bodaboda wa hapa, kwenda kwake, na gari linalala getini kwetu mpaka kesho mchana.

Usiku ambao haukutoka akilini mwangu ulikuwa wa Ijumaa ya namna hiyo. Binti wa mama alikuwa amekuja kusubiria kujifungua nyumbani. Mahesabu yalisema bado wiki mbili. Saa sita kasoro usiku nikagongewa mlango: uchungu umeshika, nimsaidie mama kutoa gari. Tukafungua geti. Mbele yake, ubavu kwa ubavu na chuma chetu, limesimama gari jeupe, kubwa, safi, halina namba ya simu kwenye kioo. Tulilisukuma bure. Nilipiga simu kwa dereva wa teksi ninayemfahamu, akasema hawezi kuingia kichochoroni, pamejaa, ila atasubiri upande wa pili wa Gisimenti, kwenye kizuizi.

Njia ya kufika huko ni moja.

Kwa hiyo tulipita Gisimenti saa ileile watu wamejaa kuliko saa zote, mama mbele na begi kichwani, binti katikati, mimi nyuma na beseni, msiniulize beseni la nini. Hatua kumi, uchungu, tunasimama. Hatua kumi, tunasimama. Mara ya tatu tuliposimama, dada mmoja aliyekuwa mezani na wenzake aliinuka bila kuuliza kitu, akamshika binti mkono wa pili. Halafu meza ikasogezwa. Halafu ya mbele yake. Sikusikia mtu akitangaza, lakini njia ilikuwa ikifunguka mbele yetu kama vile watu wanapopisha jeneza, ila sasa ni kinyume chake, na baunsa wa baa moja alitangulia akipiga makofi, pa, pa, pa, watu wasogee. Muziki haukuzimwa. Sitaki kudanganya. Ulikuwa ukilia wimbo mmoja uleule, na binti katikati ya maumivu yake aliniambia kwa Kiswahili cha mama yake kwamba anauchukia wimbo huo.

Teksi ilikuwepo. Mtoto alizaliwa alfajiri, wa kike, wa afya.

Nimelifikiria tukio lile kwa njia mbili na zote zimekataa kuachiana nafasi. Barabara ile kama ingekuwa na magari, msongamano wa Ijumaa ulivyokuwa zamani, tusingepita na mwenye uchungu kwa miguu, labda angezalia kwenye mtaro. Na barabara ile kama isingefungwa, gari jeupe lisingekuwa getini kwetu. Mimi ni wa kufunga, niliseme wazi, wala sijawahi kutamani ifunguliwe. Ila waliopima barabara kuu walisahau kupima vichochoro. Ukifukuza magari mahali, yana mahali yanapokwenda, na mara nyingi ni kwa mtu ambaye hakuulizwa na haendi baa.

Mwenye gari alikuja Jumamosi saa sita mchana, amevaa vizuri, ana aibu. Mama alimwambia aliyokuwa nayo kwa Kinyarwanda, akaendelea kwa Kifaransa, akamalizia kwa Kiswahili ili na mimi nifaidi. Jioni ya Ijumaa iliyofuata kiti cha bluu kikatoka.

Kulikuwa na kibao kabla ya hapo, "Usiegeshe hapa", kwa lugha tatu. Watu walikuwa wakiegesha chini yake. Kiti wanakiheshimu. Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu nililonalo ni la kwetu uswahilini. Dar, barabara ya mtaani haifungwi na jiji. Inafungwa na mwenye msiba au mwenye harusi: turubai linatandwa asubuhi, viti vya kukodi vinapangwa, na hakuna dereva hata wa daladala atakayeshuka kubishana. Anarudi nyuma, anatafuta njia nyingine, akitoka nje ya gari ni kutoa pole. Kiti kitupu barabarani kinasema kuna mtu hapa, amesimama kidogo, anarudi. Kibao hakisemi hivyo.

Na Biryogo, mtaa wa upande wa Nyamirambo, wanalijua hilo. Jumapili nikikumbuka kwetu huwa nashuka Nyamirambo, mitaa ya Waswahili wa zamani wa mji huu, ambako mwaka 2021 walifunga vipande vya barabara jumla, si wikendi tu, wakavipaka rangi na kutandaza meza. Pale ni chai, chapati, samaki, na mabishano ya mpira kwa Kiswahili. Gisimenti ukikaa unalewa, Biryogo ukikaa unazeeka. Wazee wanafika msikitini na kurudi kwenye kiti kilekile. Mjini kati nako kulifungwa mapema zaidi, mwaka 2015, na kwa muda mrefu palikuwa lami tupu ambayo watu waliivuka haraka kama bado wanaogopa kugongwa, mpaka palipowekwa viti na miti.

(Nikiri na hili, kwa kuwa ni shajara. Mwezi uliopita niliazima gari la rafiki, nikachelewa harusi Nyamirambo, nikaliacha mbele ya geti la watu. Dakika ishirini. Nilirudi nikakuta kijana amekaa kwenye boneti anakula njugu, ananisubiri. Hakusema neno. Alishuka tu.)

Jana usiku, karibu saa saba, nilirudi nikamkuta msichana amekikalia kiti cha bluu. Viatu vya visigino virefu ameviweka kando, anajikanda unyayo. Alishtuka kuniona na ufunguo.

"Ni chako?"

"Cha mama mwenye nyumba."

"Dakika tano tu, kaka. Nimetembea toka kule Chez... toka kule juu, motari hawaruhusiwi kuingia."

Nikamwambia akae. Nikaingia, nikamsikia baadaye akiondoka peku, akicheka na simu.

Asubuhi hii mama ametoka kufagia, akakuta kiti kimesogea hatua moja kutoka mahali pake. Hilo halimpiti. Akaniita kutoka dirishani.

"Ni nani alikala kwa kiti yangu?"

Nikamweleza: msichana, miguu ilikuwa ikimuuma.

Akaegemea fagio, akafikiri.

"Alikuya na motokari?"

"Hapana, mama. Kwa miguu."

"Basi, haina neno," akasema, akakirudisha katikati ya geti.